Maswali ya Wasomaji: Kambwa ka Maltese na Baridi Yetu ya Nyanda za Juu

Haya wapendwa, mwezi huu safu nzima naitoa kwa Maltese, maana barua na meseji zilizoingia kuhusu hivi vijibwa vyeupe zimepita za kuku, na mnajua kwenye safu hii kuku ndo huwa wanaongoza. Zamani huku kwetu ukitaja mbwa mtu anawaza mlinzi, anafungwa mchana anafunguliwa usiku, basi. Siku hizi ukipita Forest ya Mbeya jioni au Gangilonga ya Iringa unakutana na mtu mzima anatembeza kitu cheupe kimevaa sweta.

Kwa asiyewajua, Maltese ni mbwa mdogo wa kukaa na watu ndani, asili yake ni pande za Bahari ya Mediterania, akikomaa anafika kilo 3 hadi 4 hivi, kimo sentimita 20 hadi 25 kuanzia chini mpaka begani, nywele nyeupe ndefu zilizonyooka, na akitunzwa anaishi miaka 12 mpaka 15. Majina yenu nimeyaacha kama mlivyoomba, na barua ndefu nimezipunguza.

Dokta habari. Nimeletewa kambwa ka Maltese kutoka Dar mwezi huu wa sita, kana miezi miwili na nusu. Mchana kanacheza vizuri tu, lakini asubuhi mara mbili nimekakuta kamelegea, kanatetemeka, kichwa hakiinuki, nikajua tayari kamekula sumu ya panya. Nikakapa maziwa ya moto kakaamka. Nakalisha asubuhi na jioni kama mbwa wetu wa nje, kanalala jikoni kwenye boksi. Shida nini? (Msomaji, Uyole)

Ndugu yangu pole. Kwa ulivyoeleza hiyo haifanani na sumu, hiyo ni sukari ya mwili inashuka usiku na baridi inamalizia kazi. Watoto wa hizi aina ndogo, hasa kabla hawajafika miezi minne, hawana akiba mwilini, ini lenyewe dogo, nyama hamna, mafuta hamna, sasa wewe unamlisha saa kumi na mbili jioni mnakuja kuonana saa kumi na mbili asubuhi, yaani unataka tangi la pikipiki liende safari ya lori. Na Uyole mwezi wa sita na wa saba usiku inashuka chini ya nyuzi 10, mwili unachoma chakula chote ili upate joto tu, ikifika alfajiri hakuna kilichobaki, ubongo unakosa sukari ndo unaona anatetemeka, anayumba, analegea, na ikizidi hapo ni degedege na kifo, sio utani.

Kwahiyo kuanzia leo mlishe mara nne au tano kwa siku, kidogo kidogo, na mlo wa mwisho uwe pale unapozima taa na wa kwanza pale unapoamka, kabla hujachemsha hata chai yako. Chakula cha watoto wa mbwa kile cha punje ndogo, loweka na maji ya vuguvugu kilainike. Maziwa ya ng'ombe achana nayo, yaliyomwamsha ni joto na kasukari kaliko ndani, ila wengi yanawaharisha na kuharisha kwa mtoto wa kilo moja ni janga lingine.

Ukimkuta tena amelegea, chukua asali, au sukari uliyokoroga na maji kidogo sana, mpake kwa kidole kwenye fizi na chini ya ulimi, usimmiminie mdomoni kwasababu akiwa hajitambui inaingia kwenye mapafu. Mfunike, mweke kifuani kwako apate joto, akizinduka mpe chakula, halafu siku hiyohiyo kamwone daktari wa mifugo hata kama anarukaruka tena. Minyoo inaleta hali hii, parvo (ule ugonjwa wa virusi wa kuharisha na kutapika) inaleta, na kuna Maltese wanaozaliwa na mshipa wa damu unaolipita ini pembeni badala ya kuingia ndani yake, hao utawaona wanadumaa na wanakuwa kama wamelewa hasa baada ya kula. Kama unamlisha vizuri na bado anadondoka, usimalizane nae kwa asali tu.

Boksi liinue kutoka kwenye sakafu ya simenti, weka blanketi, na upande mmoja tu wa boksi weka chupa ya maji ya moto uliyoifunga taulo, ili akisikia joto limezidi asogee upande mwingine. Jiko la mkaa usiingize chumbani mkafunga madirisha, hilo nalisema kila mwaka kwa ajili ya vifaranga na nitalisema tena, ile hewa haina harufu na haichagui, itamuua mbwa na wewe uliyelala juu ya kitanda. Sweta ruksa, ila likilowa livue palepale.

Mwanangu dokta, mjukuu wangu kaniletea mbwa mdogo mweupe kutoka Dar, nikasikia bei yake nikasema si ningenunua ndama. Halindi, mwizi akija nadhani atambeba na yeye. Ananifuata mpaka chooni, nikiingia kwenye migomba analia kama nimekufa. Nauliza tu, kazi yake nini? Na wote wako hivi au huyu wangu ana kasoro? Ndaga fijo. (Bibi, Tukuyu)

Shikamoo bibi. Barua yako tumeisoma ofisini kwa sauti, tumecheka mpaka machozi, usituchukie.

Huyo hana kasoro bibi, ndo kazi yake hiyo anayofanya. Mbwa wengine watu waliwachagua kizazi hadi kizazi kwa ajili ya kuchunga kondoo au kuwinda, huyu alichaguliwa kwa ajili ya kukaa karibu na mtu. Na sio mambo ya juzi, Wagiriki na Warumi wa kale walikuwa na vijibwa vya namna hii majumbani zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, hadi Aristotle aliandika kuhusu mbwa mdogo wa Malta. Marekani waliwaandikisha rasmi kama aina yao mwaka 1888. Muda wote huo hakuna aliyewahi kumwambia alinde geti. Ila nikutoe wasiwasi kidogo, masikio yake ni makali, mgeni akikohoa barabarani huyo atabweka kabla hujasikia kitu, kwahiyo mwizi anaweza kumbeba kweli lakini hatakukuta umelala.

Kulia ukimwacha kunarekebishika. Mwache ndani na kitambaa ulichokivaa, toka dakika mbili, rudi, usimpapatikie wala usimgombeze, kesho dakika tano, keshokutwa kumi. Ukirudi wakati analia atajifunza kwamba kelele ndo zinakurudisha, kwahiyo subiri anyamaze hata kidogo tu ndo ufungue mlango. Kwenye migomba usimwache peke yake, mbwa wa majirani wakimvamia ni mara moja tu anavunjwa.

Halafu bibi hapo Tukuyu mvua mnaijua wenyewe. Mbwa wengi wana nywele za juu na sufu ya chini inayozuia maji na baridi, huyu hana hiyo ya chini, ana nywele za juu peke yake, kwahiyo manyunyu ya dakika kumi yameshafika kwenye ngozi. Akilowa mkaushe na taulo hadi tumboni na katikati ya vidole, usimwache akauke mwenyewe jikoni kwenye moshi. Na jambo la mwisho linakuhusu wewe zaidi kuliko yeye, mfunge kakengele kwenye mkanda, kwasababu hao hupenda kulala miguuni, na mtu wa umri wako akiamka usiku akajikwaa nyonga ndo inaondoka. Kitandani asiwe anaruka mwenyewe, muwekee kastuli apandie na kushukia, vifuniko vya magoti vya mbwa hawa vinahama kirahisi, ukimuona anatembea halafu ghafla anakunja mguu mmoja wa nyuma hatua mbili tatu kisha anaendelea kama hakuna kitu, jua goti hilo, mwambie mjukuu ampeleke akaangaliwe.

Kamwene dokta. Maltese wangu ana mwaka na nusu, kupe hawaishi. Jirani yangu mfuga ng'ombe wa maziwa kaniambia nimwogeshe ile dawa ya josho anayochanganya kwenye ndoo, au nimchome ile sindano ya minyoo ya ng'ombe, eti inaua na kupe. Nisaidie kabla sijafanya. (Baba wawili, Mafinga)

Kamwene. Usifanye vyote viwili, na jirani msalimie.

Dawa nyingi za kuogeshea ng'ombe zina amitrazi au sumu nyingine kali, angalia kibandiko cha chupa utaona. Amitrazi kwenye mbwa mdogo inaleta usingizi mzito, kuyumba, kutapika, moyo unapiga polepole, na mbwa tofauti na ng'ombe anajilamba mwili mzima kwahiyo anainywa. Zile nyingine za jamii ya sumu ya wadudu wa mazao utaona mate yanamtoka, misuli inarukaruka, anashindwa kupumua. Akishaogeshwa kwa bahati mbaya mwoshe haraka na maji mengi ya vuguvugu na sabuni laini, vaa glavu, na uende kwa daktari na chupa yenyewe mkononi ili ajue anapambana na nini.

Sindano sasa. Hiyo dawa ya minyoo ya ng'ombe, aivamektini, kipimo chake ni mililita 1 kwa kilo 50. Piga hesabu mwenyewe, mnyama wa kilo 3 hapo anapata ngapi? Ni mililita 0.06, sirinji nyingi za dukani hazina mstari wa kuipima, mkono ukiteleza kidogo umempa mara tano mara kumi. Na isitoshe kwa kupe wa mbwa sio dawa ya kutegemea. Nimeona watu wanaua mbwa wa gharama kwa dawa ya buku mbili, inaumiza.

Nenda duka la dawa za mifugo uliza dawa ya kupe ya mbwa iliyoandikwa kwa uzito wake, yapo matone ya kuweka shingoni katikati ya mabega, vipo vidonge vya kutafuna, chagua kutokana na mfuko na ushauri wa daktari. Usinunue ya mbwa wa kilo 20 ukaigawa vipande, dawa haijisambazi sawa kwenye kidonge. Na mpime kwanza, chukua mizani ya bafuni, simama nae, halafu simama bila yeye, toa.

Ila kupe wenyewe nakwambia wengi hawako kwa mbwa, wako nyumbani kwako. Yule kupe wa kahawia wa mbwa jike lake likishashiba linadondoka, linapanda ukutani, linataga mayai maelfu kwenye nyufa, nyuma ya pazia, chini ya kochi, kwenye kibanda cha mbwa wa nje. Ukimtibu huyo mweupe ukamwacha Simba wa getini umefanya kazi bure, watibuni wote siku moja, ziba nyufa, fua matandiko kwa maji ya moto. Kwenye nywele nyingi hivi macho hayatoshi, tumia vidole kila jioni, masikioni ndani, kwapani, katikati ya vidole, chini ya mkia. Ukimpata mshike na kibano karibu kabisa na ngozi, vuta taratibu moja kwa moja, hakuna cha mafuta ya taa wala kumchoma na kiberiti.

Fizi zikiwa nyeupe, hataki kula, joto lake limepita 39.5, mkojo umekuwa wa kahawia au damu inatoka puani, hayo ni magonjwa ya kupe, hapo ni kipimo cha damu haraka. Uzuri ni kwamba Iringa mjini kuna maabara ya TVLA, wakala wa serikali wa maabara za mifugo, daktari wako anaweza kupeleka sampuli huko badala ya kubahatisha sindano.

Maltese wangu ana miezi saba amefika kilo 8, masikio yamesimama, mkia umejikunja mgongoni, manyoya yanapukutika nyumba nzima. Nimlishe nini apungue? (Dada wa Gangilonga, Iringa)

Dada yangu usimnyime mtoto chakula. Huyo sio Maltese. Maltese masikio yamelala, nywele zinashuka kama za mtu na zinapukutika kidogo sana. Masikio ya kusimama, pua iliyochongoka na manyoya mazito ya tabaka mbili yanayoanguka hivyo, hapo una Japanese Spitz au mchanganyiko wake, mbwa mzuri tu, mwerevu, na kwa baridi ya huko kwenu yuko vizuri kuliko Maltese. Aliyekuuzia amekuuzia jina. Kama mbavu unazihisi ukimpapasa bila kubonyeza sana basi uzito wake uko sawa.

Mbwa wangu mweupe chini ya macho pana mistari myekundu kama analia damu, mama mkwe anasema sio bure. Halafu nywele zimefungana mafundo, nimemwogesha kila siku tatu na shampuu yangu mwenyewe nzuri kabisa lakini mafundo ndo yanazidi. (Mama Forest Mpya, Mbeya)

Mama mkwe mwambie kwa heshima zote kwamba hiyo sio damu. Machozi ya mbwa yana rangi ya kahawia nyekundu iitwayo porfirini, ipo na kwenye mate, kwa mbwa mweusi haionekani ila kwa mweupe inapaka. Swali ni kwanini machozi ni mengi, na hapo mara nyingi ni nywele za juu ya pua zinamchoma jichoni, au njia ya kupitisha machozi kwenda puani ni nyembamba, au moshi wa mkaa. Futa asubuhi na jioni na pamba iliyolowa maji safi ya vuguvugu, pamba moja kwa kila jicho, kisha kausha, pasipokauka ndo panaota fangasi na harufu. Nywele za pale zifunge juu na kibanio au zikatwe na mtu mwenye mkono mtulivu. Wengine wanapaka jiki eti pawe peupe, jamani, hapo ni sentimita moja kutoka kwenye jicho! Jicho likiwa jekundu, analifumba au linatoa usaha, hiyo nyingine kabisa, hospitali.

Mafundo unayatengeneza wewe. Ukimwogesha bila kuchana kwanza, maji yanakaza fundo linakuwa kipande cha busati. Chana kwanza, kila siku, dakika kumi tu, na kitana cha chuma chenye meno ya nafasi, anzia nchani mwa nywele urudi kwenye ngozi, shikilia shina kwa vidole asisikie anavutwa. Yanapojificha ni nyuma ya masikio, kwapani na pale mkanda unapopita. Fundo sugu usiingize mkasi ukilala kwenye ngozi, ngozi yao nyembamba na inavutika ndani ya fundo, utaikata hujajua. Pitisha kitana katikati ya ngozi na fundo, ukate juu ya kitana.

Kuoga kila wiki mbili au tatu panatosha. Shampuu yako nzuri ni nzuri kwako, ngozi yetu ina tindikali zaidi ya ya mbwa, ukimpaka yako anakauka na kuwashwa, tafuta ya mbwa. Mwogeshe saa sita mchana jua likiwepo, sio jioni, na drai ya nywele weka moto wa chini huku unachana. Kama huna muda, na sisemi hivi kukudharau kwasababu nani ana muda, mwombe fundi amkate fupi sentimita mbili tatu mwili mzima, atapendeza na atakuwa na raha, ila asinyolewe upara na baridi hii.

Jike langu la Maltese kilo 3 lilikuwa kwenye joto, jibwa la jirani likaruka ukuta. Tumewakuta wameshikana, mume wangu akawamwagia maji wakagoma kuachana. Sasa nifanyeje, nina hofu. (Mama Mbalizi)

Una haki ya kuwa na hofu. Kwanza kwa siku nyingine, wakishashikana mbegu imeshaingia, maji na kuvutana hakuzuii chochote zaidi ya kuwaumiza wote wawili sehemu za siri, wanaachana wenyewe dakika kumi mpaka nusu saa.

Mpeleke kwa daktari wiki hii hii, sio tumbo likitokeza. Mimba ya mbwa ni siku 63 hivi, kuna njia za kuikatisha mapema na kuna ya kumtoa kizazi kabisa, kila moja ina hatari zake, mjadiliane. Usimpe vidonge vya uzazi wa mpango vya binadamu, naomba sana. Ukiamua abebe, ultrasaundi kuanzia kama siku ya 28 inaonyesha kama ipo, na eksirei siku za mwisho inaonyesha wako wangapi na vichwa vina ukubwa gani. Baba mkubwa mama mdogo, na hawa wanabeba watoto wachache, mtoto akiwa mmoja au wawili wanapata nafasi ya kukua sana, nyonga ya mama haipanuki. Kwahiyo mpango wa upasuaji uwepo kabla, mjue daktari gani, usafiri wa nani saa nane za usiku.

Wiki ya mwisho mpime joto mara mbili kwa siku, likishuka chini ya 37.2 uchungu uko ndani ya saa 24. Akisukuma kwa nguvu nusu saa hakuna mtoto, au umetoka uchafu wa kijani na hakuna mtoto, usisubiri asubuhi. Na ukuta pandisheni jamani.

Anakula ugali na dagaa kama sisi. Kuna ubaya? Na huku kwetu parachichi zimejaa chini. (Mkulima, Njombe)

Ugali na dagaa sio sumu, ila peke yake kila siku haumtoshi, ongeza yai la kuchemsha, nyama, mboga kidogo, au changanya na chakula chake cha dukani. Chumvi, vitunguu na kitunguu swaumu uweke baada ya kumtolea yake. Na kipimo! Mbwa wa kilo 3 anahitaji kama kalori 200 mpaka 250 tu kwa siku, andazi moja kubwa mtoto akimpa kwa huruma siku imeshakaribia kuisha.

Parachichi nyama yake kidogo haimuui, kokwa ndo hatari, akilimeza linaziba utumbo. Wenye makadamia shambani muwe makini zaidi, hizo zinamlegeza miguu ya nyuma, anatapika na kutetemeka. Zabibu, chokoleti, kahawa, majani ya chai yaliyotupwa, mifupa ya kuku ya kupikwa, vyote mbali nae.

Ana mwaka mmoja mdomo unanuka, na meno ya mbele kama yamepangana mawili mawili. (Vwawa)

Meno ya utoto hayajang'oka. Yalitakiwa yawe yameisha kwenye miezi saba hivi, ni 28, yakapisha 42 ya ukubwani, na hayo 42 ni idadi ileile aliyonayo mbwa wa polisi ila huyu anayapanga kwenye taya la sentimita chache, kwahiyo chakula kinakwama. Yang'olewe na daktari akiwa amelazwa kwa dawa, baada ya hapo mpige mswaki laini kila siku, dawa ya meno ya mbwa au maji matupu, yetu hapana.

Wangu hatoki nje ya geti kabisa, kuna haja gani ya chanjo ya kichaa? (Makambako)

Ipo, na haina mjadala. Yeye hatoki lakini geti linafunguliwa, mbwa mwenye kichaa anaingia, na huyu analala na watoto kitandani. Karibu vifo vyote vya kichaa kwa binadamu vinatokana na kuumwa na mbwa, na dalili zikishaanza hakuna tiba. Achanjwe akiwa na miezi mitatu, arudiwe kila mwaka, tarehe iandikwe kwenye kadi. Zile za parvo na distempa, ugonjwa mwingine wa virusi, zianze wiki ya sita hadi ya nane, zirudiwe kila wiki tatu au nne mpaka afike wiki 16. Na akikung'ata mbwa yeyote usiyemjua historia, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo.

Nimeona Maltese mtandaoni, muuzaji yuko Dar, anasema analipia basi la usiku nimpokee Iringa asubuhi, ana wiki sita. Nitume hela? (Mwanafunzi, Iringa)

Wiki sita hapana. Wafugaji makini wa Maltese wanakaa nao mpaka wiki 12, na sababu umeisoma kwenye barua ya Uyole. Mwambie akurushie video ya mtoto akiwa na mama yake, leo, sio picha, na kadi ya chanjo yenye stika ya dawa, tarehe na muhuri wa daktari, akianza chenga achana nae. Kibali cha kusafirisha kiulizwe ofisi ya mifugo kabla ya siku ya safari.

Akifika wiki 12 asafiri na mtu, mapajani, kwenye kikapu chenye matundu, sio boksi kwenye buti la basi pamoja na magunia. Na safari iwe ya mchana, huko chini Dar mpaka Morogoro ni joto, mkishapanda Kitonga baridi inaanza, kwahiyo blanketi liwepo, na kila basi linaposimama apewe chakula kidogo na maji. Stendi mpokee wewe mwenyewe, usimtume bodaboda.